Akigusa mto tu kashalala: je, usingizi huo mzito unamtosha?

SWALI: "Shikamoo daktari. Mume wangu ana miaka 38, ni mlinzi wa usiku kwenye maghala ya Kizota hapa Dodoma. Anaingia saa kumi na mbili jioni, anatoka saa kumi na mbili asubuhi, anarudi na pikipiki hadi nyumbani Ipagala. Saa moja anakunywa chai na kujilaza, na kabla sijaondoa kikombe ameshaanza kukoroma. Saa nne anaamka kwenda kwenye shamba letu la zabibu Hombolo. Anasema usingizi wake ni wa pono, kwa hiyo saa tatu zake ni bora kuliko saa nane za mtu anayegeukageuka kitandani. Lakini siku nikimwamsha mapema kwa dharura anakaa kitandani anaongea maneno yasiyoeleweka, na baadaye hakumbuki. Mwezi uliopita pikipiki ilimtoka barabarani asubuhi, anasema hajui ilikuwaje. Jirani anasema ni malale. Mama mkwe anasema katupiwa kitu. Naomba unieleze: ni kweli mtu aliyekesha huzama kwenye usingizi mzito haraka? Na kama ni kweli, si ndiyo vizuri?"

JIBU: Marahaba, mama. Mpe pole baba watoto kwa ajali hiyo.

Kabla ya maelezo yoyote naomba jambo moja lianze leo: akitoka zamu asipande pikipiki mpaka muwe mmeipanga upya siku yake. Arudi na daladala, au abebwe na mtu aliyelala usiku. Najua nauli ya kila siku inauma. Lakini katika barua yako yote, kilichonitisha ni zile sekunde asizozikumbuka pale barabarani, na nitazirudia huko chini.

Sasa swali lenyewe. Ndiyo, ni kweli kabisa. Mtu aliyekesha huzama kwenye usingizi mzito upesi kuliko siku zake za kawaida, hukaa humo muda mrefu zaidi katika mzunguko wa kwanza, na kumwamsha ni kazi. Hapo baba watoto hajasema uongo. Tatizo liko kwenye hesabu aliyoijenga juu yake, kwamba kwa kuwa usingizi ni mzito basi saa 3 zinatosha.

Tuanze na mtu ambaye hana upungufu. Mtu mzima aliyelala vizuri jana na juzi, akizima taa huchukua dakika 10 hadi 20 hivi kupitiwa na usingizi. Dakika chache za mwanzo ni mang'amung'amu tu. Ukimgusa anakwambia "sijalala, nakusikia". Halafu anaingia usingizi mwepesi, moyo unapunguza mwendo, joto la mwili linashuka kidogo, na hapo hukaa dakika 10 hadi 25. Ndipo anazama. Kwa hiyo tangu kichwa kiguse mto mpaka usingizi mzito uanze, kwa mtu wa kawaida ni kama nusu saa hadi dakika 45.

Tunalijua hilo kwa kubandika vinasa umeme kichwani na kusoma mawimbi ya ubongo. Mtu akiwa macho, mistari inayochorwa ni midogo na inakwenda mbio. Akizama, inageuka mawimbi makubwa ya polepole, yasiyozidi manne kwa sekunde. Hayo mawimbi makubwa ndiyo alama ya usingizi mzito. Baadaye mtu hupanda tena, hupita kwenye usingizi wa ndoto, ule ambao macho hucheza chini ya kope, na mzunguko unaanza upya. Mzunguko mmoja ni dakika 90 hivi. Sehemu kubwa ya usingizi mzito huliwa kwenye theluthi ya kwanza ya usiku, na usingizi wa ndoto hurundikana kuelekea alfajiri. Mgawanyo huo ndio utakaotusaidia kuelewa kwa nini saa 3 za mumeo zinamdanganya.

Yeye hazipiti hizo dakika 45. Kinachomsukuma ni hiki: ubongo ukiwa macho hutumia nishati, na katika matumizi hayo hubaki kemikali iitwayo adenosini, ambayo hujikusanya saa hadi saa na kuzipunguza kasi seli zinazotuweka macho. Tukilala hupungua. Mtu anayeamka saa kumi na mbili asubuhi na kulala saa nne usiku anakuwa amekaa macho saa 16. Mumeo anaamka saa nne asubuhi, anashinda Hombolo juani, anakesha Kizota, anajilaza saa moja asubuhi ya kesho yake. Hesabu mwenyewe: ni saa 21 macho, kila siku. Shinikizo la usingizi analofika nalo kitandani si la kawaida.

Mwaka 1981 Alexander Borbély na wenzake wa Zurich, Uswisi, waliwakesha watu wa kujitolea kwa saa 40 na nusu, kisha wakapima mawimbi yao walipolala. Yale mawimbi ya polepole yaliongezeka sana kuliko usiku wa kawaida, hasa mwanzoni, kisha yakapungua mzunguko baada ya mzunguko. Mwaka uliofuata, 1982, Borbély alieleza usingizi kuwa unaongozwa na nguvu mbili: shinikizo linalokua kadiri tunavyokaa macho, na saa ya mwili inayofuata usiku na mchana. Mpaka leo sisi tunaotibu matatizo ya usingizi tunaanzia hapo. Usingizi mzito humfuata zaidi yule wa kwanza, yaani umekaa macho muda gani. Usingizi wa ndoto humfuata zaidi yule wa pili, yaani sasa ni saa ngapi.

Shinikizo likiwa kubwa kama la mumeo, mang'amung'amu hupita kwa sekunde, usingizi mwepesi hukatizwa, na ndani ya dakika 10 hivi mtu anaweza kuwa kashazama. Kuna kipimo kilichobuniwa Stanford, Marekani, miaka ya 1970 na Mary Carskadon na William Dement. Mtu analazwa kwenye chumba chenye giza mchana, mara nne au tano, kila baada ya saa mbili, na kupimwa anachukua muda gani kupitiwa. Wastani wa dakika 10 kwenda juu hautupi hofu. Chini ya dakika 5 tunasema usingizi umemzidi na lazima chanzo kitafutwe. Wewe na kikombe chako cha chai mmeshampima.

Basi kwa nini ubongo unakimbilia usingizi mzito kwanza? Kwa sababu ndio unaouhitaji kwa dharura. Mtu aliyeshinda njaa akiwekewa sahani haanzi na mchicha, anavamia ugali. Humo ndimo ubongo unapopoza mitambo yake, na ndimo sehemu kubwa ya homoni ya ukuaji inapotoka, ambayo hata kwa mtu mzima ina kazi ya kukarabati misuli na tishu. Na usingizi huo ukikosekana, ubongo haudai dakika kwa dakika. Unaukoleza. Mawimbi yanakuwa makubwa zaidi, na saa moja ya usingizi uliokolezwa inafanya kazi zaidi ya saa moja ya kawaida.

Mfano unaojulikana sana ni wa kijana Randy Gardner wa San Diego, Marekani, aliyekuwa na miaka 17. Kati ya Desemba 1963 na Januari 1964 alikaa macho saa 264, yaani siku 11, Dement akiwa mmoja wa waliomfuatilia. Alipolala, hakulala siku tatu wala nne. Alilala saa 14 na ushee, akaamka. Watu wengi wakisikia hivyo husema, unaona, usingizi hulipwa kwa punguzo! Na ndiyo imani ya baba watoto pia, ingawa huenda hajamsikia Gardner.

Hesabu inavunjikia hapa. Unachofidia kwa haraka ni usingizi mzito peke yake. Saa 3 ni kama mizunguko miwili. Katika mizunguko hiyo miwili mumeo anapata karibu fungu lake lote la usingizi mzito, tena uliokolezwa. Anachokikosa ni vile vipande vya baadaye: usingizi mwepesi ulio mrefu na usingizi wa ndoto, ambavyo ubongo unavitumia kupanga kumbukumbu, kutuliza hasira na kuuweka umakini sawa. Akiamka saa nne, adenosini imeshashuka kiasi, jua limepanda, saa ya mwili inamwambia ni mchana. Anajisikia yuko vizuri. Kweli yuko vizuri, kwa muda mfupi. Mwulize saa nane mchana anajisikiaje akikaa kivulini. Mwulize kama husinzia kwenye ibada, au kwenye kikao cha mtaa, au akisubiri zamu yake kinyozi.

Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akina Hans Van Dongen na David Dinges, walitoa matokeo ambayo napenda kila mfanyakazi wa zamu ayajue. Waliwaruhusu watu wazima wenye afya kulala saa 8, au 6, au 4 kwa siku, kwa siku 14 mfululizo, huku wakipima umakini wao. Wale wa saa 6 na wa saa 4 walizidi kuporomoka siku hadi siku. Mwisho wa wiki ya pili waliokuwa wakilala saa 4 walikuwa na makosa sawa na ya mtu aliyekesha usiku mmoja hadi miwili bila lepe la usingizi. Mambo mawili yalinigusa pale. La kwanza, walipoulizwa, wengi walisema wana usingizi kidogo tu, wamezoea. La pili ndilo jibu la swali lako: usingizi wao mzito haukupungua kwa kiasi cha kueleza kuporomoka kule. Waliupata karibu wote, na bado umakini uliharibika. Hao ni watu wa saa 4 kwa wiki mbili. Mumeo ana saa 3, na hukuniambia ni tangu lini.

Kwa hiyo ukiniuliza "si ndiyo vizuri?", jibu langu ni hapana. Kuzama haraka namna ile ni mwili kuonyesha upungufu ulivyo mkubwa.

Tuje kwenye kuweweseka. Umesema hutokea ukimwamsha mapema kwa dharura. Ungesema hutokea saa nne anapoamka mwenyewe ningewaza mengine, lakini nusu saa au saa moja baada ya kulala ni pale pale usingizi mzito ulipokoleza. Ukimtoa mtu humo kwa ghafla, ubongo hauamki wote kwa pamoja. Sehemu zinazoendesha mwili zinatangulia. Sehemu za mbele, zenye kufikiri na kuweka kumbukumbu, zinachelewa. Anakaa, macho yako wazi, anajibu, lakini hayupo. Hali hiyo hutokea hata kwa watu wasio na ugonjwa wowote, na kukosa usingizi ni mojawapo ya vichocheo vyake vikubwa. Watoto wanayo zaidi kwa sababu usingizi wao mzito ni mwingi. Ndiyo maana mtoto aliyelala mkekani sebuleni unambeba, unambadilisha nguo, unamfunika, na asubuhi anauliza nani kamleta kitandani. Mwambie mama mkwe, kwa heshima zote, kwamba daktari amesikia hofu yake na haipuuzi, ila dalili hii ina sababu inayoonekana, na ukimwacha mtoto wake alale inavyostahili kwa wiki chache ataona ikipungua.

Malale nayo ni hofu ya haki kwa mtu wa kanda hii, maana iko nchini. Huletwa na vimelea vinavyoenezwa na mbung'o, na aina inayopatikana kwetu Tanzania haikawii: homa za kurudiarudia, kichwa kuuma, tezi kuvimba, kisha ndani ya wiki au miezi mtu anaanza kusinzia mchana na kukosa usingizi usiku. Mlinzi wa Kizota asiye na homa, asiyeingia kwenye mapori yenye mbung'o, simfikirii malale. Kama amewahi kwenda kurina asali au kukata mbao porini hivi karibuni, na ana homa, awahi hospitali na aliseme hilo mwenyewe bila kungoja kuulizwa.

Ninachotaka ukichunguze ni kukoroma. Mtu aliyechoka sana hukoroma kwa sababu misuli ya koo inalegea kupita kiasi, na hilo peke yake halina neno kubwa. Lakini kaa karibu naye asubuhi moja, usikilize. Je, anakoroma, halafu kimya kwa sekunde 10 au zaidi kifua kikihangaika bila hewa kupita, halafu anashtuka kama mtu anayekabwa? Kichwa kinamuuma akiamka? Shingo ni nene, presha iko juu, anaamka kukojoa mara nyingi? Kama ndivyo, njia yake ya hewa inaziba usingizini. Mtu wa namna hiyo naye hupitiwa haraka kama mumeo, ila usingizi wake mzito unakatwakatwa, hata akilala saa 9 anaamka hoi. Hiyo ni kesi ya hospitali, na kupanga ratiba hakuitibu.

Sasa ile pikipiki. Saa kumi na mbili asubuhi anapotoka kazini anakuwa macho saa 20. Mwaka 1997 watafiti wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walilinganisha kukesha na pombe: mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo alifanya vibaya kwenye vipimo vyao kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, na aliyefika saa 24 kama mwenye asilimia 0.10. Mumeo yuko katikati ya hao wawili, kila asubuhi, kwenye barabara yenye malori, daladala na wanafunzi wanaovuka. Na shinikizo likifika hapo ubongo hauombi ruhusa. Unajizima sekunde 2, 3, 4, macho mara nyingine yakiwa wazi, kisha unarudi. Pikipiki ikienda kilomita 50 kwa saa, sekunde 4 ni mita 55 bila dereva. Mtu aliyepitiwa hivyo hawezi kukueleza ilikuwaje, na hilo ndilo alilokujibu. Upepo usoni, kuimba, kujipiga vibao, havisaidii kwa zaidi ya dakika chache.

Mtafanyaje? Saa za kazi hamwezi kuzibadilisha, kwa hiyo kinachobaki kubadilika ni mchana. Ningependa alale mara mbili: saa moja asubuhi hadi saa sita mchana, halafu saa tisa hadi saa kumi na nusu alasiri. Hiyo inampa saa 6 na nusu. Sisemi ni nyingi, lakini ni zaidi ya mara mbili ya alizonazo. Na angalia kile kipande cha alasiri kinavyofanya kazi: kesho yake saa kumi na mbili asubuhi anapofunga zamu, atakuwa macho saa 13 na nusu badala ya 20. Kwa usalama wake barabarani naona kipande hicho kina thamani kuliko kingine chochote nitakachokushauri. Dakika 90 ni mzunguko mzima, ataamka akiwa anapanda, si akiwa chini kabisa. Ampe mwili nusu saa ya kuzinduka, anawe, ale, ndipo aondoke.

Kulala mpaka saa sita si rahisi kwa tamko tu, najua. Saa ya mwili inamvuta aamke, na nyumba zetu za bati zinafanya yake: kufika saa tano mwezi wa Oktoba au Novemba chumba kisicho na dari ni kama uko jikoni. Joto la mwili linatakiwa lishuke ili usingizi ukae. Chumba kikipanda joto usingizi unakatika. Kama nyumba ina vyumba viwili, mhamishie kile cha upande wa magharibi kwa usingizi wa asubuhi. Jua la asubuhi linapiga ukuta wa mashariki, na upande wa pili unabaki na ubaridi hadi mchana. Dirishani weka kitenge kizito mara mbili au kitambaa cheusi, kiguse ukuta pembeni ili mwanga usipenye. Simu izimwe, ikae kwako. Majirani na ndugu wajue kwamba asubuhi yake ni usiku; humwamshi mtu saa nane za usiku kumuuliza bei ya mbolea.

Lile shamba ndilo gumu. Sikwambii muache zabibu, kwani najua zinalisha nyumba. Lakini shamba la kila siku na lindo la kila usiku haviwezi kubebwa na mwili mmoja. Siku za kawaida tafuteni kibarua, hata wa nusu siku, na yeye aende siku zake za mapumziko. Kwa wiki za kupogoa na za kuvuna aombe likizo au abadilishane zamu mapema. Kama fedha haitoshi kwa kibarua, kaeni mpige hesabu ya matibabu ya mguu uliovunjika mkiilinganisha.

Kahawa na vile vinywaji vya kopo wanavyopenda walinzi haviondoi adenosini, vinakaa tu kwenye nafasi yake ili isisikike. Kafeini huchukua kama saa 5 kupungua nusu, ingawa watu wanatofautiana. Ya saa kumi alfajiri, akilala saa moja, zaidi ya nusu iko bado mwilini. Kwa shinikizo alilo nalo atapitiwa tu, lakini yale mawimbi makubwa yatakuwa dhaifu na ataamka mapema. Anywe mwanzoni mwa zamu, ya mwisho iwe kabla ya saa nane usiku. Na hiyo chai unayompa saa moja, ukiipika ya rangi nzito, nayo ina kafeini. Mpe uji wa uwele.

Pombe kabla ya kulala asiiguse kwa nia ya kupata usingizi. Inakuzamisha haraka mwanzoni kisha inavuruga nusu ya pili yote. Vidonge vya diazepam, ambavyo watu hununua dukani kama pipi, vinalaza lakini vinapunguza usingizi mzito wenyewe, na vinazoeza. Sivitaki kabisa kwa mtu anayekesha kazini.

Akipata siku mbili za kupumzika mfululizo, usishtuke. Usiku wa kwanza anaweza kulala saa 10 au 11 fofofo, na asubuhi akaamka mzito, mdomo umemkauka, hataki maneno. Huo ni usingizi mzito unaofidiwa. Usiku wa pili utamsikia akisimulia ndoto nyingi na za ajabu, maana zamu ya usingizi wa ndoto kufidiwa huwa inachelewa hadi hapo. Vyote ni dalili njema. Usimkatize.

Siku ya dharura ya kweli, ukilazimika kumwamsha akiwa amezama, fungua pazia kwanza, mwite kwa jina, mpe maji anywe na ya kunawa. Asikabidhiwe funguo, panga, wala mtoto mchanga kwa nusu saa, hata akisema yuko sawa. Akianza kubishana nawe usimkazanie, hatakumbuka ulichosema.

Fanyeni hivi wiki mbili. Chukua daftari la shule, kila siku uandike saa aliyolala, dakika alizochukua kupitiwa kwa kukadiria, saa aliyoamka, kahawa aliyokunywa na saa zake, na kama kukoroma kulikuwa na ule ukimya niliousema. Dakika za kupitiwa zikianza kusogea kutoka 2 kwenda 10, tuko njiani. Zikibaki vilevile ingawa analala saa 6 na nusu, au ukisikia ukimya ule, au akisinzia katikati ya mazungumzo, basi aje hospitali ya rufaa na daftari hilo, siku ambayo hajatoka zamu, tumpime presha, sukari na damu, tumwangalie na koo. Njoo naye, mama, kwa sababu nusu ya ninachohitaji kukijua hutokea yeye akiwa amelala.